Maswali ya Wasomaji: Ofa ya chuo imeandika baki sifuri, mbona mjomba anasema tutadaiwa?

Barua za safari hii nyingi ni za hela ya shule, nimechagua tatu, na ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana najua nyumba zaidi ya moja hapa Dar zina jambo kama hili na watu wanaogopa kuuliza.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Mimi nauza vitenge Kariakoo, naishi Segerea. Binti yangu alizaliwa Marekani wakati baba yake anasoma masters kule, tukarudi naye ana miaka miwili. Ana pasi ya Marekani na ile namba yao ya Social Security. Kamaliza form six, kapata chuo Texas, wamemtumia ofa kwenye imeili na chini kabisa imeandikwa baki ni sifuri. Tulichinja kuku. Sasa kaka yangu yuko Houston anasema tusishangilie, humo ndani kuna mikopo ya serikali na tutadaiwa. Halafu huyo huyo anasema mwakani atajiandika yeye kama mzazi kwenye fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, kwa vile mimi sina makaratasi ya kule. Nimekutumia picha ya ofa. Nisaidie, usiku silali. (Mama wa Segerea)

JIBU: Shikamoo mama, na hongera sana kwa binti. Picha nimeipata, nimeikuza kwenye simu nikaisoma mstari kwa mstari, na naomba na wewe uifungue tusome pamoja.

Juu kabisa wameandika gharama ya mwaka mzima dola 38,000, hapo ni ada, chumba, chakula, vitabu, bima, vyote. Chini yake kuna mistari sita ya hela, na hapa ndo penye utata, kwa sababu wameipanga kama vile yote ni msaada, fonti ile ile, rangi ile ile. Sio yote msaada. Mstari wa kwanza ni Pell Grant dola 7,395. Hiyo ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, hairudishwi, na kiasi alichopewa binti yako ndo cha juu kabisa kwa mwaka wa masomo 2025/26, kwa hiyo hapo wamemhesabia kikamilifu. Wa pili ni ruzuku ya chuo chenyewe, dola 14,000, nayo hairudishwi ila soma masharti yake, vyuo vingi vinataka mtoto asishuke wastani fulani wa maksi. Jumlisha hizo mbili unapata 21,395. Hiyo tu mama ndo hela ya bure.

Toa hiyo kwenye 38,000, inabaki dola 16,605, na hiyo ndo bei halisi ya mwaka wa kwanza kwenu. Sio sifuri. Kaka yako hapo amesema kweli.

Tuendelee. Mstari wa tatu na wa nne umeandikwa Direct Loan, mmoja Subsidized dola 3,500 na mwingine Unsubsidized dola 2,000. Yote miwili ni mikopo ya serikali kuu, anakopa binti mwenyewe kwa jina lake, hakuna mdhamini wala hati ya nyumba. Tofauti yake ni riba. Ule wa Subsidized riba inabebwa na serikali muda wote yuko chuoni angalau kwa nusu ya masomo ya kawaida, ule mwingine riba inaanza kutembea siku hela inapotoka. Kwa mikopo iliyotolewa kuanzia Julai 2025 mpaka Juni 2026 riba ya digrii ya kwanza ni asilimia 6.39, haipandi wala haishuki mpaka mkopo huo uishe. Kwa hiyo ile dola 2,000 inazaa kama dola 127 kwa mwaka huku mtoto anasoma, na asipoilipa inakuja kurundikana. Mkinunua vocha chache pungufu mkaweza kumlipia hiyo riba kidogo kidogo, mtakuwa mmemsaidia sana.

Mi nisingekataa hii miwili. Jumla ni dola 5,500, ndo kiwango cha juu cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi, na ikiwa lazima mtu akope basi mikopo hii ndo ya kwanza kukopa kabla hajagusa benki yoyote.

Mstari wa tano, Work-Study dola 2,500. Huu sio hela iliyopo. Ni ruhusa ya kufanya kibarua chuoni, maktaba au jikoni au maabara, analipwa mshahara kwa masaa aliyofanya, mwezi kwa mwezi. Bili ya muhula inadaiwa kabla hajafanya hata saa moja, kwa hiyo kwenye kulipa ada usiihesabu kabisa, ihesabu kwenye sabuni na nauli.

Wa sita sasa, na huu ndo ulionifanya nikae kwenye kiti vizuri: Parent PLUS dola 8,605. Huo ni mkopo wa mzazi. Yaani ni wewe mama ndo ukope, kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 20 kwa mwaka mmoja. Na huwezi kuupata, kwa sababu mzazi anayekopa PLUS lazima awe raia wa Marekani au awe na ukaazi unaokubalika kule. Mfumo wa chuo umejaza tu nafasi iliyobaki ili chini isomeke sifuri. Ukiutoa mstari huo na ule wa kibarua, mnapungukiwa dola 11,105.

Usikate tamaa kwanza. Mwambie binti aandike imeili kwa ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, aandike yeye mwenyewe, aseme wazi kwamba wazazi wake sio raia na wanaishi Tanzania hivyo hawawezi kukopa PLUS. Kwa hali kama hiyo afisa wa chuo anaweza kumruhusu mtoto akope Unsubsidized ya ziada mpaka dola 4,000 kwa mwaka wa kwanza. Pengo litashuka mpaka dola 7,105. Kwenye imeili hiyo hiyo aombe chuo kiangalie upya ruzuku yake, aambatanishe karatasi yako ya makadirio ya TRA na ya pensheni ya baba kama ipo, na aulize kama ada aliyowekewa ni ya mkaazi wa Texas au ya mtu wa nje. Hilo la mwisho watu wengi hawalijui, uraia wa Marekani haumfanyi mtu kuwa mkaazi wa jimbo, na kwenye vyuo vya umma tofauti ya ada huwa kubwa kweli, na kwa mtoto anayetegemea wazazi wanaangalia zaidi wazazi wanaishi wapi, hawaangalii mjomba anaishi wapi.

Na hapo tumefika kwa mjomba. Mama, usikubali kaka yako ajiandike kama mzazi. Najua ana nia njema, ndo udugu wetu ulivyo, mjomba ni mzazi na hakuna atakayebisha Segerea nzima. Lakini FAFSA haiongei lugha hiyo, mzazi kwao ni aliyezaa au aliyeasili kisheria, na fomu yenyewe pale pa kusaini inaonya kwamba ukitoa taarifa za uongo makusudi unaweza kupigwa faini mpaka dola 20,000, kwenda jela, au vyote. Kosa likigundulika anayeumia ni mtoto.

Tena wala haihitajiki. Siku hizi mzazi asiye na Social Security anafungua akaunti yake kwenye tovuti ya StudentAid.gov bila hiyo namba, anaingia sehemu yake, anajaza kipato chake cha hapa kikiwa kimebadilishwa kuwa dola kwa kiwango cha siku anayojaza. Wanaangalia kipato cha miaka miwili nyuma, kwa mfano fomu ya 2026/27 inauliza ya 2024. Kwa hiyo toa kwenye droo yale makaratasi ya TRA ya mwaka huo, weka na kalkuleta pembeni, kaa na binti jioni moja mjaze. Inajazwa kila mwaka upya, kwa kawaida inafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na mapema ni bora maana ruzuku za baadhi ya vyuo na majimbo zinaisha.

Kuhusu kudaiwa. Mtoto akimaliza au akiacha chuo anapewa miezi sita ya kupumua ndo aanze kulipa. Kuna sheria mpya iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebadilisha namna ya kulipa kwa mikopo inayochukuliwa kuanzia Julai 1, 2026, kutakuwa na njia ya kawaida ambayo deni chini ya dola 25,000 linalipwa miaka 10, na njia ya kulipa kwa kipato, kati ya asilimia 1 na 10, hata asiyekuwa na kitu analipa angalau dola 10 kwa mwezi. Asipolipa siku 270 mfululizo anahesabika ameshindwa kabisa, na hapo serikali inaweza kukata mpaka asilimia 15 ya mshahara wake bila hata kwenda mahakamani. Na akirudi Dar deni halibaki kule, linamfuata kwenye jina lake.

Mama kuna moja hujaniuliza lakini siwezi kukaa kimya. Binti akifika utu uzima sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Akibaki na wa Marekani hizo Pell na Direct Loan ni zake, lakini Bodi ya Mikopo ya hapa ni kwa Watanzania tu. Msipange kwamba kule kukishindikana atarudi achukue boom UDSM kama kawaida. Nendeni Uhamiaji mkaulize hali yake kabla hamjalipa tiketi.

SWALI: Dada mambo. Mi ni Mtanzania, nimezaliwa Temeke, nina divisheni wani ya PCM. Kuna wakala Sinza anasema nimpe laki tatu anijazie FAFSA nipate hela ya serikali ya Marekani, kaniambia nafasi zinaisha Ijumaa. Nimeshampa elfu hamsini ya kuanzia. Ni kweli? (Kijana, Mbagala)

JIBU: Mdogo wangu usimwongezee hata mia. FAFSA ni bure, na neno la kwanza la jina lenyewe kwa Kiingereza ni bure. Na wewe kwa uraia wako haupo kwenye hela hiyo hata ikijazwa na nani, ni ya raia wa Marekani na watu wachache wenye ukaazi kama wenye green card na wakimbizi waliokubaliwa. Anayeenda kwa viza ya mwanafunzi hapati. Hilo haliangalii umaskini wala divisheni.

Ila usifunge kitabu, kwa sababu hela unayoweza kupata wewe inatoka vyuoni kwenyewe. Kuna vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ambavyo havitazami uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua hata kwa wageni, na ukishapita wanakujazia pengo lote la mahitaji yako. Kuingia ni kugumu sana, sikudanganyi, lakini ukiwa na PCM ya divisheni wani huombi kwa kubahatisha. Vyuo vingine vinatumia fomu inaitwa CSS Profile, hiyo wageni wanajaza, ina malipo lakini muulize chuo akusamehe, vingi vina utaratibu. Na ukiwa na maswali nenda EducationUSA, ushauri wao ni wa bure, Dar wako ubalozi wa Marekani pale Msasani, na hapo hapo uliza mambo ya viza yakoje kwa sasa kabla hujatoa hela kokote.

Elfu hamsini yako kadai. Nenda na mtu mzima wa nyumbani, mwambie akupe risiti au akurudishie, na kama ulimpa nywila ya imeili yako badilisha leo leo, sio kesho.

SWALI: Mwandishi, mi nimeajiriwa mwezi wa tatu sasa, nimeona kwenye salary slip wamekata HESLB, yaani mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, pesa nyingi. Sikuambiwa. Ina riba hii? (Mwalimu, Kigamboni)

JIBU: Pole mwalimu, najua ule mstari unavyouma, wa kwangu niliutazama miaka. Wanakata asilimia 15 ya basic kila mwezi, hawahitaji kukuambia upya kwa sababu uliisaini siku unaomba, na mwajiri analazimika kisheria. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inafanya deni linene kila mwaka ilifutwa 2021, pamoja na faini ya asilimia 10 ya waliochelewa. Kwa hiyo deni lako sasa linapungua kweli kila wakikata. Ingia kwenye akaunti yako kwenye mfumo wa Bodi kwa namba ya mtihani wa form four, chukua taarifa ya deni, linganisha na salary slip zako tatu, mwezi kwa mwezi. Kama kuna mwezi umekatwa na haupo kule, peleka slip hiyo kwa mhasibu wenu kwanza kabla hujapanda kivuko kuja mjini.