Uliza Bibi: Kitabu cha mgawo na karanga za Kongwa

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba nilipokuwa mtoto nilitumwa dukani na kitabu cha mgawo, yaani kitabu cha kuponi za kununulia chakula kilichopimwa na serikali, huku nikionywa nisije nikakipoteza. Habari yenyewe ilikuwa ya wajukuu wanaopoteza simu. Barua zilizoletwa, hakuna hata moja inayotaja simu. Wote mnataka kumjua huyo Mzungu aliyekula kwa kupimiwa.

Haya, kwa wageni wa ukurasa huu: nilizaliwa mwaka 1945 Bexleyheath, kitongoji cha kusini-mashariki ya London, siku hizo kikihesabiwa kuwa Kent. Tanga nilifika mwaka 1967 kufundisha hesabu, nikaolewa Ngamiani, na Ngamiani ndipo nilipo.

Shikamoo Bibi. Nadhani unatutania. Waingereza walishinda Vita vya Pili vya Dunia na makoloni walikuwa nayo kila pembe. Sukari iliwashindaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mjukuu. Sikutanii. Kushinda vita ni jambo moja, kulipa madeni yake ni jambo jingine. Serikali ilitoka vitani imekopa mpaka puani, na dola za kununulia vyakula nje hazikuwepo. Mkate haukuwahi kugawiwa kwa kuponi vita vikipiganwa. Ulianza kugawiwa Julai 1946, amani ikiwa imetimiza mwaka, na ukaendelea hivyo hadi 1948. Chai ilikuwa huru mwaka 1952, sukari 1953, na nyama ndiyo ilifunga mlango, Julai 1954. Hesabu mwenyewe: miaka tisa baada ya ushindi.

Kitabu cha mtoto mchanga kilikuwa cha kijani. Ukifika miaka mitano unapewa cha buluu, na siku niliyopewa changu nilijiona nimeshakuwa mtu mzima. Kila familia ilijiandikisha kwa muuza vyakula wake na muuza nyama wake, huna ruhusa ya kwenda kwingine. Wetu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti jeupe, akikata jibini kwa waya. Mgao wa mtu mmoja kwa wiki ulikuwa kiasi cha aunsi mbili, tuseme gramu 57, kipande kisichozidi sana kibiriti. Waya ukipinda kidogo upande wetu, mama alishusha pumzi. Nyama haikupimwa kwa uzito bali kwa pesa, na mwanzoni mwa 1951 ilishuka hadi peni 8 kwa kichwa kwa wiki, wakati shilingi moja ilikuwa peni 12. Sasa piga hesabu ya mchuzi hapo.

Ndiyo maana tulipoanza kupanga foleni za sukari na sabuni hapa Tanga miaka ya themanini, shoga zangu walinitazama wakidhani Mzungu atalia leo. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa kusimama: mwenye mizani usimpe kisogo.

Bibi, mimi ni mwenyeji wa Kongwa. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, na shule niliyosoma kengele yake ilikuwa chuma cha trekta la mradi. Babu alisema yale matrekta yalikuwa vifaru vya vita. Je, ni kweli? Na ninyi watoto wa huko, mlijua kuwa karanga zile zilikuwa zenu? (Msomaji, Kongwa)

Swali lako nimelisoma mara tatu, kisha nikaenda kukaa barazani kidogo.

Tanganyika nililijua jina lake kabla sijajua Scotland iko upande gani, na nililijua kama mzaha. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kule Woolwich Arsenal, kiwanda cha silaha. Nyumbani tulikula majarini, ile ambayo hapa kwetu huitwa Blue Band hata ikitengenezwa na nani. Mama aliipaka kwenye mkate, kisha akaikwangua kwa kisu kile kile na kuirudisha kwenye bakuli, kilichobaki ni harufu. Ikiisha kabla ya Ijumaa baba alikuwa akisema, "Vumilieni, meli ya karanga iko njiani." Mama hakuwahi kucheka. Mimi nilidhani ni meli ya kweli. Jumapili baba alitupeleka Erith kutazama mto Thames, na kila meli iliyopita nilimvuta mkono: ndiyo hiyo? Akajibu, hiyo ni ya mbao. Na ile? Ile ya makaa ya mawe. Nilikuwa na miaka minne, labda mitano.

Utu uzimani ndipo nilipojua jinsi mambo yalivyofungamana. Juu ya kile kitabu changu yaliandikwa maneno Wizara ya Chakula. Wizara hiyo hiyo, chini ya waziri John Strachey, ndiyo iliyokuja kulima kwenu. Wazo lilitoka mwaka 1946 kwa Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni ya ukoo wa Unilever, watengenezaji wa majarini na sabuni. Mafuta hakuna, karanga zina mafuta, Tanganyika kuna ardhi: basi ikaonekana hesabu imekwisha. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza mwaka 1947. Kongwa ikawa ya kwanza, zikafuata Urambo na Nachingwea.

Babu yako alisema kweli. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Kama kengele yenu ilikuwa pingili ya mnyororo, huenda iliundwa kwa ajili ya vita kabla haijawaita darasani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, umezaliwa juu ya udongo ule. Mibuyu ilikataa kung'oka, na ilipong'oka ilitoa nyuki. Mvua za Ugogo huja zikijisikia. Udongo wenyewe ukipigwa na jua unakuwa saruji, karanga zimo chini na hazitoki. Mkulima wa Kigogo anapanda mtama na uwele kwa sababu mvua yake anaijua; hilo halikuhitaji injinia, lilihitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kusikiliza. Januari 1951 serikali ikanyoosha mikono, na pauni milioni 36 na ushee zikafutwa kwenye vitabu. Majira hayo hayo ndiyo nyama yetu ilikuwa peni 8.

Sasa nikujibu ulichouliza. Tulijua kwamba karanga ni zetu, ndiyo. Tulijua hivyo kama mtoto anavyojua kwamba mvua ni ya kwao. Pale jikoni petu sikusikia hata siku moja mtu akiuliza shamba ni la nani, au waliokuwa wakichunga ng'ombe pale wamehamia wapi. Mzaha wa baba ulikuwa juu ya serikali yake iliyochezea pesa. Nyuma ya mzaha ule hakuonekana mtu wa Kongwa. Baba alikuwa mtu mwema, na sisemi hivi kumwaibisha kaburini. Lakini wewe umeuliza, na babu yako alikuwepo.

Miaka ya sabini nilipita Kongwa na marehemu mume wangu. Akanionyesha uwanda na kusema, "Haya, shuka ukaulizie majarini yako." Yeye alicheka sana. Mimi nilicheka nusu.

Bibi, nyumba za huko zilikuwaje? Kwenye filamu naona bustani na watumishi. (Msomaji, Mombasa)

Watumishi! Mwanangu, mtumishi alikuwa mama, na siku za Jumatatu alikuwa na mikono myekundu ya kufua.

Nyumba yetu ilikuwa pacha, yaani nyumba mbili zilizoshikana ukuta mmoja katikati, zilizojengwa kwa maelfu kabla ya vita kwa ajili ya watu waliotaka kuondoka kwenye moshi wa mjini. Mbele kibustani cha hatua nne, nyuma bustani ndefu nyembamba. Baba alipanda viazi na kabichi, na mwisho wa bustani lilikuwepo handaki la mabati la kujikinga na mabomu, nusu limezikwa ardhini. Mimi nililikuta limeshakuwa stoo ya baiskeli. Kila masika lilijaa maji hadi magotini, kaka yangu akafuga chura humo.

Na baridi! Moto uliwashwa chumba kimoja. Chumbani kwetu asubuhi za Januari barafu ilikuwa imeota *ndani* ya kioo, imechora majani kama ya mkindu, nami nikaandika jina langu kwa ukucha. Muuza makaa ya mawe alikuja na lori, akayabeba magunia begani na kuyamwaga kwenye kibanda, mama akisimama dirishani kuyahesabu kwa vidole. Kila nyumba ilichoma makaa, na Desemba 1952 tuliona malipo yake. Kwa siku tano, tarehe 5 hadi 9, moshi na ukungu vililala juu ya London vikakataa kuondoka. Ukinyoosha mkono huvioni vidole. Baba alirudi usiku kwa miguu, akifuata basi lililoongozwa na kondakta aliyetembea mbele na tochi. Leso yake mama aliifua mara mbili, weusi haukutoka. Wakati ule walihesabiwa kama watu 4,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wakasema huenda walifika 12,000. Sheria ya kuzuia moshi ilikuja mwaka 1956.

Kuna jingine ambalo filamu haitakuonyesha. Jirani wa ukuta ule tulimsikia akikohoa na tulijua redio yake inaimba nini, lakini sikumbuki kumwona ameketi kwetu bila kualikwa. Alizungumza na mama juu ya ua, kila mmoja upande wake. Wiki yangu ya kwanza Ngamiani jirani aliingia, akasema hodi akiwa ameshafika jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akaniambia chumvi haitoshi. Nilikuwa karibu kulia. Siku hizi yeye asipokuja mpaka saa nne, namtuma mtoto akamtazame.

Mlicheza michezo gani? (Mwanafunzi, Arusha)

Barabarani, magari yalikuwa machache. Na kwenye pengo. Mtaa wetu ulikuwa umepungukiwa na nyumba tatu, palipoangukia bomu la kuruka lenyewe, mwaka 1944. Palibaki ngazi ya mlango isiyo na mlango, na maua ya zambarau yale yanayopenda kuota palipoungua. Tulikatazwa kwenda, kwa hiyo tulikuwa pale kila siku. Kaka yangu aliokota kitasa cha mlango, akakificha chini ya kitanda kwa miaka. Watu wa nyumba zile hatukuwaulizia, nalo pia lilikuwa swali ambalo hakuna aliyetufundisha.

Bibi, pipi je? Nazo zilipimwa? (Msomaji, Muscat)

Zilipimwa, tena kwa uchungu. Aprili 1949 serikali iliziachia huru. Watu wakazivamia, madebe ya maduka yakabaki matupu, na ilipofika Agosti zikarudishwa kwenye mgawo. Kwa hiyo tarehe 5 Februari 1953, ilikuwa Alhamisi, zilipoachiwa tena, hatukuamini. Tulitoka shule tukakimbia, mimi na kaka, foleni imeshazunguka kona.

Zamu yangu ilipofika nilifanya kama nilivyozoea, nikaweka pesa mezani na kitabu cha buluu juu yake. Muuzaji akakirudisha kwa kidole kimoja. "Hicho peleka nyumbani. Unataka kiasi gani?"

Nilikuwa na miaka saba. Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Nikatazama chupa za vioo kule juu, nikamtazama yeye, foleni nyuma inanisukuma, na kaka ananikanyaga mguu makusudi. Nikasema, "Kama kawaida."