Bi Karani Anajibu: Kesi Iliisha, Mbona Alama za Vidole Zinasema Bado?

*Bi Karani alikuwa karani na mkalimani wa mahakama za mahakimu huku Pwani ya Kenya hadi alipostaafu.*

Shikamoo Bi Karani. Mimi ni kijana wa bodaboda, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2019 niligombana na mwenzangu wa stejini kwa sababu ya abiria, nikampiga kwa helmeti akapasuka juu ya jicho. Alijaziwa P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, nikashtakiwa kwa kumjeruhi. Wazee walitukalisha, nikalipa gharama za hospitali, naye akaenda kortini akasema amenisamehe. Hakimu akaniambia niende nyumbani. Sasa nimepata kazi ya ulinzi Qatar, ajenti anataka cheti cha tabia njema, nami nimeambiwa alama zangu za vidole zinaonyesha nina kesi ambayo haijaisha. Kuna jamaa anataka elfu kumi na tano anisafishie jina. Nimpe?

Marahaba mwanangu. Usimpe hata ndururu. Anachokuuzia ni safari ya masijala ambayo unaweza kuifanya mwenyewe, tena pengine asiifanye.

Unasema hakimu alikuambia uende nyumbani. Hayo ndiyo uliyoyasikia ukiwa kizimbani na roho mkononi. Mimi nataka kujua aliandika nini kwenye faili, kwa sababu polisi na DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai inayotoa cheti hicho, hawafuati kumbukumbu yako wala ya wazee, wanafuata karatasi. Basi nenda masijala ya jinai ya mahakama ile ile, na nambari ya kesi mkononi. Kama umeipoteza, tafuta risiti ya dhamana au nambari ya OB (daftari la matukio la kituo cha polisi). Hata tarehe ya kwanza uliyofikishwa kortini itamsaidia karani kukupata kwenye daftari. Mwombe kwa heshima akufungulie ukurasa wa mwisho wa mwenendo wa kesi. Hapo, mara nyingi kwa mwandiko wa mkono usiosomeka vizuri, kuna mistari miwili au mitatu na sahihi ya hakimu. Katika mistari hiyo tafuta nambari ya kifungu.

Ukikuta kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, piga shangwe. Maana yake mlalamishi aliomba kuondoa malalamiko yake, hakimu akaridhika na sababu, na wewe ukaachiliwa huru. Kesi imekufa na haifufuki. Ukikuta 87(a), hiyo ni nyingine. Hapo upande wa mashtaka ndio ulioiondoa kesi kabla hujatakiwa kujitetea. Umeondolewa mashtaka, lakini sheria inawaruhusu kukushtaki upya kwa mambo yale yale. Watu wengi hutoka kortini wakipiga vigelegele kwa 87(a) wakidhani ni sawa na 204, na mawakili wengine hawajisumbui kuwaeleza. Kwa kesi kama yako, ya ugomvi uliokwisha kwa suluhu, sioni ni nani atakayeifufua, ila ujue ulichonacho.

Kuna jambo la tatu, na ndilo linalonitia wasiwasi. Yawezekana mlalamishi alisema amekusamehe, hakimu akaahirisha ili aje na barua au ili kiongozi wa mashtaka apate maagizo, wewe ukadhani yamekwisha na hukurudi tena. Ikiwa ni hivyo, faili liko wazi hadi leo na huenda lina hati ya kukukamata. Usitoroke. Tafuta wakili, au mwenyewe fika mbele ya hakimu asubuhi kabla kesi hazijaanza kuitwa, ueleze ulikokuwa na uombe hati ile iondolewe. Kisha mlete mlalamishi aseme tena yale aliyoyasema 2019, safari hii hadi hakimu aandike. Msamaha wa barazani kwa wazee ni mzuri, na Katiba yenyewe katika ibara ya 159 inahimiza upatanisho, lakini kosa la kumjeruhi mtu chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu linaweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Kesi ya namna hiyo inamalizwa na hakimu peke yake.

Faili likiwa sawa, omba nakala ya amri iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama. Omba mbili. Moja ipeleke kituo kilichokushtaki, kwa sababu wao ndio waliochukua alama zako za vidole na wao ndio waliotakiwa kutuma matokeo ya kesi. Walituma taarifa kwamba umeshtakiwa, ya kwamba umeachiliwa ikabaki kwenye meza ya mtu. Nimeona hivyo mara nyingi mno: afisa aliyeshika faili amehamishwa, na aliyempokea hana habari. Andika barua fupi, uambatanishe amri, na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ya pili ipeleke makao makuu ya DCI, Kiambu Road, Nairobi. Baada ya rekodi kurekebishwa ndipo uombe cheti upya kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: shilingi 1,050, na fomu ya C24, ile ya alama za vidole, uichapishe pande mbili za karatasi moja, maana wenye karatasi mbili hurudishwa. Alama za vidole utachukuliwa hata Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali.

Halafu, dhamana yako ulirudishiwa? Kama uliweka pesa taslimu na hukuzifuata, risiti halisi ingali ina kazi.

Bi Karani, kijana wangu wa miaka 22 alikamatwa Ijumaa usiku kwa kulewa na kufanya fujo. Jumatatu askari akamwambia akubali tu yaishe, akakubali, tukalipa faini ya shilingi 500. Sasa anataka kuomba kazi serikalini. Hilo nalo linahesabika? — Mama wa Kisauni

Linahesabika, mama. Faini ni adhabu, na haitozwi mtu ambaye hajatiwa hatiani.

Hili la "kubali yaishe" nimelitafsiri kwa sauti yangu mwenyewe kizimbani hadi likanichosha. Shtaka linasomwa, mshtakiwa anajibu "ni ukweli", kisha kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya kilichotokea na mshtakiwa anaulizwa tena kama ni sahihi. Ule ulikuwa mlango wake wa mwisho. Angesema "la, mimi nilikuwa nimeketi, aliyefanya fujo ni mwingine", hakimu angelazimika kuandika kwamba amekana. Vijana hawaulizi, wanataka kutoka. Ukweli ni kwamba kosa la kulewa na kufanya fujo chini ya sheria ya vileo ya 2010 adhabu yake haizidi miezi mitatu, na Katiba, ibara ya 49, inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa la faini tu au la kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo hata angekana, alistahili kurudi nyumbani siku ile ile kusubiri kesi yake. Askari hakumwambia hilo.

Rufaa ni ndani ya siku 14 kwenda Mahakama Kuu, na aliyekubali kosa hukata rufaa juu ya adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukubali kwenyewe kuliingia dosari, kwa mfano shtaka lilisomwa kwa lugha asiyoielewa au maelezo hayakusomwa. Siku zikiwa zimepita, mahakama yaweza kumruhusu kuchelewa kwa sababu nzuri. Kwa shilingi 500 wakili atawagharimu zaidi ya faini, lakini kama maelezo kweli hayakusomwa, ningeomba nakala ya mwenendo niisome kwanza.

Kenya haina sheria ya jumla ya kufuta hatia ya mtu mzima kwa kupita miaka, kama waliyo nayo Uingereza tangu 1974. Kuna msamaha wa Rais chini ya ibara ya 133, kupitia kamati yake, njia ndefu kwa jambo dogo kama hili. Kwenye fomu ya kazi, wakimuuliza kama amewahi kutiwa hatiani, aandike ndiyo, na pembeni aandike kosa, mwaka na faini. Mwajiri akisoma "shilingi 500" ataelewa mwenyewe. Akiandika hapana na alama za vidole zikasema vingine, hapo ndipo atakosa kazi.

Nilimdhamini binamu yangu kwa hati ya shamba. Kesi imeisha, ameshinda. Hati naipataje? — Msomaji, Voi

Nenda mahakamani na kitambulisho na karatasi uliyopewa ulipoikabidhi, uombe amri ya kurudishiwa. Kama hakimu alikuwa ameamuru shamba liwekewe kizuizi kwenye ofisi ya ardhi, hakikisha amri hiyo inataja pia kuondolewa kwa kizuizi, kisha uipeleke ofisi ya ardhi wewe mwenyewe. Wengi hurudi na hati mkononi na kizuizi wakakisahau, wakaja kukigundua siku wanapotaka kuuza.