Usichague Filamu kwa Alama Zake

Ukiingia siku hizi katika maktaba ya muvi hapa Mwanza, iwe Mabatini, Kirumba au Nyegezi, utakuta orodha ya filamu mpya imebandikwa ukutani, na mbele ya kila jina pameandikwa tarakimu kwa kalamu nene: 8.4, 8.9, mara nyingine 9.2. Zamani kijana wa dukani alikuwa anakusimulia kisa, kwamba kuna jasusi, kuna kisasi, na steringi anapigwa mwanzoni lakini mwishoni anawamaliza wote. Sasa hasimulii tena. Anaigusa tarakimu kwa kidole na kusema, "Braza, hii ina nane nukta tisa," na kwake maneno hayo yanatosha. Mimi ni mtazamaji wa kawaida, ninayeangalia filamu mwisho wa wiki pamoja na familia, bila elimu ya uhakiki na bila skrini ya ajabu, na baada ya miaka mingi ya kujaza flashi na kuifuta, ninamshauri mwenzangu asiichukue filamu kwa sababu ya tarakimu hiyo kabla ya kujua imehesabiwa namna gani na waliopiga kura ni akina nani.

Tuanze na asilimia, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya wengi. Mtandao wa Rotten Tomatoes, ulioanzishwa mwaka 1998, unahesabu ni wahakiki wangapi wamesema filamu inafaa na wangapi wamesema haifai, kisha unatoa asilimia ya wale walioikubali. Swali la filamu ni nzuri kiasi gani halimo katika hesabu hiyo. Wahakiki 100 wakiitazama filamu, na 95 kati yao wakatoka wakisema kwamba si mbaya na inaangalika, filamu hiyo itatangazwa kuwa na asilimia 95, ingawa hakuna hata mmoja aliyeisifu kwa moyo wote. Filamu nyingine, ambayo nusu ya watu wameipenda mno na nusu wameichukia, itabaki na asilimia 50, nawe utaipita bila kuigusa. Kwa ladha yangu, filamu za aina hii ya pili ndizo zinazozungumzwa nyumbani wiki nzima, ilhali zile za asilimia 95 mara nyingi zimenyooka, hazimkeri mtu yeyote, na kesho yake hukumbuki hata jina la mhusika mkuu.

IMDb, mtandao wa tangu mwaka 1990 ambao Amazon iliununua mwaka 1998, una utaratibu mwingine: watu wa kawaida hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha mtandao hutafuta wastani kwa kanuni zake wenyewe. Hapa la kuangalia ni muda. Wanaopiga kura katika siku za mwanzo ni wapenzi wa filamu ile, watu waliosubiri miaka miwili na kununua tiketi mapema, na kwao kumi ni salamu tu. Ndiyo maana filamu kubwa huanza juu sana, kisha hushuka kidogo kidogo kadiri watu wasio na ushabiki wanavyoifikia. Ushabiki huo ulionekana waziwazi mwaka 2008, filamu ya The Dark Knight ilipotoka na kupanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya filamu 250 bora. Baadhi ya wapenzi wake waliipa The Godfather, iliyokuwa kileleni kabla yake, alama moja ili kuishusha, wa upande wa pili wakajibu kwa namna hiyohiyo, na vumbi lilipotua aliyekaa kileleni alikuwa The Shawshank Redemption, filamu ya mwaka 1994 ambayo ilipotoka haikuuza tiketi za maana. Hata herufi za CinemaScore, kampuni inayowauliza watazamaji wa Marekani tangu mwaka 1979, hukusanywa usiku wa kwanza mlangoni mwa ukumbi. Mtu aliyelipa kiingilio usiku wa kwanza ameshaamua kuipenda, kwa hiyo herufi C, ambayo kwa mwanafunzi wetu ni kufaulu, kwao ni msiba.

Wako pia wanaozitengeneza sifa kwa makusudi. Mwaka 2001 iligundulika kwamba mhakiki mmoja aitwaye David Manning, aliyekuwa akinukuliwa katika matangazo ya filamu za Sony kana kwamba anaandika katika gazeti dogo la Connecticut, hakuwahi kuwapo duniani. Alibuniwa katika idara ya matangazo ya kampuni yenyewe. Kesi ilimalizika mwaka 2005 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 1.5, na watazamaji waliodanganyika wakaruhusiwa kudai dola tano tano kwa kila tiketi.

Hata hivyo, alama zilizo nyingi hazina udanganyifu wowote. Kura ni halali, zimepigwa na watu halisi, ila watu hao hawakuketi mahali ninapoketi mimi. Chukua Oppenheimer, filamu kuhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, iliyotoka Julai 2023 na kuondoka na tuzo saba za Oscar mwaka uliofuata. Ilipigwa kwa mkanda mpana wa IMAX, ule wa skrini kubwa mno, kwa ajili ya ukumbi wenye giza ambamo mtu halali, hapokei simu na hafungui mlango kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Sebuleni kwangu saa tatu zake zilikuwa mtihani. Saa ya kwanza inamwaga majina ya wanasayansi bila kumpa mtu nafasi ya kuyashika, na saa ya mwisho, baada ya bomu kulipuka na watoto kudhani imekwisha, inahamia katika vyumba vya mahojiano ambamo wazee wenye suti wanabishana kuhusu kibali cha usalama. Mlipuko wenyewe, ule wa ukimya unaofuatwa na kishindo, ni kazi ya fundi. Uigizaji wa Cillian Murphy nao hauna shaka. Lakini kwa runinga ya nyumbani, yenye spika zinazomeza maneno, mimi ninaipa saba, na mke wangu, aliyelala kabla ya bomu, anaona nimekuwa mkarimu.

Dune: Part Two ya mwaka 2024, hadithi ya sayari ya jangwa, inanipa shida ileile kwa ukali zaidi. Walioiona ukumbini wanasema mchanga uliwatetemesha vitini. Kwangu ulikuwa mchanga tu, na watu wanaonong'ona ndani yake.

Deadpool & Wolverine, iliyotoka mwaka huohuo na kukusanya zaidi ya dola bilioni 1.3, ina sifa za watu walioangalia kila filamu iliyoitangulia. Utani wake mwingi unahusu Disney kuinunua 20th Century Fox mwaka 2019, na mashujaa wa filamu za zamani wanaoingia kwa dakika chache ili ukumbi upige makofi. Asiyewajua atakaa akiwatazama wenzake wakicheka. Kwa kuwa nimetaja familia, niongeze kwamba matusi na damu yake havifai kabisa mbele ya watoto, jambo ambalo alama nane haitakuambia.

Sinners, ya Aprili 2025, ndiyo niliyokubaliana na waliopiga kura. Michael B. Jordan anaigiza ndugu mapacha wanaorudi Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki, na katikati ya filamu kuna wimbo mmoja ambamo gita la kijana linawaita waliokufa na ambao bado hawajazaliwa, wacheza ngoma wa Afrika wakichanganyika na mpiga diski wa leo katika chumba kimoja, kamera ikizunguka kati yao. Tuliirudisha nyuma tukaiangalia tena. Ila nikuonye: wanyonya damu walioko katika tangazo wanachelewa sana kufika, na mwanangu aliyekuja kwa ajili yao alilalamika muda mrefu kabla ya kunyamaza.

Tarakimu hudanganya pia kuelekea chini. Snow White ya mwaka 2025 ilishushwa hadi chini ya 3 katika IMDb kwa mafuriko ya alama moja, nyingi zikiwa na harufu ya siasa na ugomvi wa mitandaoni kuliko filamu yenyewe. Tumeiangalia. Inachosha, na wale vibeti wa kompyuta wanatisha kuliko kufurahisha, lakini ni filamu ya tano kasoro ambayo binti wa miaka saba aliimaliza akiwa anaimba. Kwa upande mwingine RRR ya mwaka 2022, ile ya Kihindi inayopita saa tatu na iliyoshinda Oscar ya wimbo bora mwaka 2023, inazunguka karibu na 7.8, chini ya Oppenheimer na chini ya Dune, na nyumbani kwetu hakuna aliyeinuka hata kwenda kunywa maji.

Kuna jambo la kwetu ambalo mitandao hiyo haiwezi kulipima kabisa, nalo ni tafsiri. Wengi wetu hapa tunaangalia filamu zilizotafsiriwa, kwa utaratibu ambao msimulizi Lufufu aliufanya uwe maarufu nchini, ambapo sauti ya msimulizi inakaa juu ya sauti za waigizaji, inaeleza, inatania, na kumpa jasusi wa Ulaya ya Mashariki jina la mtaani. Msimulizi hodari huiokoa filamu mbovu, na mvivu huiharibu nzuri. Ninaijua filamu ya mapigano ya Kikorea ambayo kwa lugha yake haina mvuto, lakini katika kibanda umiza kimoja cha Igoma watu walikuwa wanasimama juu ya mabenchi. Kwa hiyo ukiambiwa filamu ina nane, uliza kwanza ni ipi: ile iliyopigiwa kura, au hii yenye sauti ya mtu mwingine juu yake?

Suala la nani amepiga kura sisi wa Mwanza tulistahili kulijua mapema kuliko wengine. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa na Hubert Sauper, ikihusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo zinazotua uwanjani kwetu. Nje ilisifiwa sana. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar. Hapa nchini ilizua hasira, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, ubishi mkubwa ukiwa juu ya mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, na juu ya silaha ambazo filamu iliashiria kwamba huja na ndege hizo. Mimi sikubaliani kikamilifu na upande wowote. Mapanki yapo, na wapo wanaoyakaanga na kuyala, hilo halikubuniwa. Lakini mtu aliyeketi Paris na kuipa alama kumi hakuwa na namna ya kujua kwamba katika mji huohuo kuna watu wanaonunua sangara mzima, wanaosomesha watoto kwa dagaa wa Mwaloni, na wanaocheka. Wameksiko walilalamika vivyo hivyo kuhusu Emilia Pérez, iliyoteuliwa kuwania Oscar 13 kwa sherehe ya mwaka 2025, hadithi ya nchi yao iliyopigwa kwa sehemu kubwa katika studio za Ufaransa.

Sasa nifanyeje, utaniuliza. Mimi hungoja wiki kadhaa hadi joto la mwanzo lipoe. Katika IMDb sitazami wastani; ninafungua mchoro wa mgawanyo wa kura, kwa sababu kumi zikiwa nyingi na moja zikiwa nyingi huku katikati pakiwa patupu, ule ni ugomvi na wala si tathmini. Kisha ninasoma maoni ya waliotoa sita na saba, maana hao ndio hueleza kilichowapendeza na kilichowachosha, wakati wa kumi anapiga kelele na wa moja anatukana. Ninaangalia urefu wa filamu, taarifa ambayo hakuna anayeitia chumvi, na umri wa watazamaji iliyokusudiwa. Pale maktaba ninamuuliza yule kijana swali moja tu: "Wewe mwenyewe uliimaliza?" Akisita, ninachukua nyingine. Na kazini ninaye mwenzangu ambaye ladha yake ni kinyume cha yangu kwa uaminifu mkubwa, kiasi kwamba akiisifu filamu kwa nguvu, mimi ninaiacha.

La mwisho ni kupiga kura wewe mwenyewe, hasa kwa filamu za hapa nyumbani, ambazo wapiga kura wake ni wachache hata ndugu wa mtayarishaji wakiamua kuipamba wanaweza. Ukiona ni ya sita, iandikie sita, wala usitoe kumi kwa sababu ya bendera. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mimi nimeipa saba. Zanzibar ya miaka ya 1950 imepigwa kwa jicho la mtu anayeipenda, na Yasmin, mhusika mkuu, anabeba filamu kwa macho kuliko kwa maneno. Ila mapenzi yake na Denge yanakwenda taratibu mno, na aliyesoma riwaya atahisi kwamba mengi ya utamu wake yamebaki kitabuni.