Mchoro wa makala usirudie makala

SWALI: Shikamoo dada. Nipo hapa Bagamoyo, nasomea sanaa, na mimi na wenzangu tunatoa jarida dogo la utamaduni. Michoro ya makala naichora mimi. Kwenye simu nimehifadhi kurasa za majarida ya nje zaidi ya elfu moja ili zinipe mawazo, lakini nikikaa mezani ama naiga nilichokiona, ama nachora kilekile kilichoandikwa. Sasa nina makala ya mnada wa samaki pale ufukweni. Nimechora samaki, ndoo na dalali. Mhariri amesema mchoro “hauna kitu”. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mhariri wako amesema kweli, ingawa alipaswa kukueleza zaidi ya hapo. Msomaji akishasoma kichwa cha habari kinachotaja mnada wa samaki, samaki, ndoo na dalali ameshawaona kichwani. Ukimchorea hao hao, umempa alichokuja nacho. Mchoro wa makala unatakiwa useme lile ambalo maneno hayakulisema, au yalilisema kwa sauti ndogo.

Kabla ya majarida ya nje, itandaze kanga ya mama yako kitandani uitazame kama ukurasa. Kuna pindo pembezoni, kuna mji katikati, kuna jina, yaani maneno yake. Mjini pamechorwa korosho, na chini yake jina linasema “Wema hauozi”. Hakuna anayeuliza korosho na wema vimekutania wapi. Picha ina lake, maneno yana lake, na aliyeivaa, siku aliyoivaa na mtu aliyepita mbele yake ndivyo vinavyokamilisha maana. Tazama na mpangilio: pindo linaushika mji usimwagike, na jina limekaa mstari mmoja, kwa herufi kubwa, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye kabati langu la kazi kanga zimekaa rafu moja na majarida, na nazifungua mara nyingi kuliko majarida.

Sasa hizo picha elfu moja. Umezipitisha kidole, hazijapita mkononi. Chagua moja tu kwa siku. Chukua penseli, chora kisanduku chenye ukubwa wa kiberiti, kisha weka humo mifupa ya ukurasa ule: penye giza, penye weupe, kichwa kilipo, jicho linapoingilia na linapotokea. Sura za watu na mapambo yaache. Halafu tafuta makala yenyewe uisome, hata kwa kusaidiwa tafsiri, ujue ni sentensi ipi iliyouzaa mchoro. Bila makala unaona jibu na hujui swali lilikuwa nini, na ndiyo maana unaishia kuiga.

Chukua mfano wa jalada la The New Yorker, jarida la Marekani, la tarehe 29 Machi 1976, lililochorwa na Saul Steinberg. Mitaa miwili mitatu ya Manhattan, jijini New York, imechorwa kwa kirefu, na magari yake na madirisha yake. Ng'ambo ya mto Hudson, Marekani yote iliyobaki ni kipande kidogo, kisha Pasifiki kama kijito, na Asia kwa mbali. Wengi duniani wameiga jalada lile kwa kuchora mji wao mkubwa na dunia ndogo. Usifanye hivyo kwa Bagamoyo. Chukua swali lililokuwa nyuma yake: machoni pa mtu huyu, kikubwa ni nini?

Nenda nalo mnadani. Simama pembeni asubuhi, usichore, tazama watu wanatazama nini. Mama anayenunua samaki wa kukaanga akishawakagua, macho yake huhamia kwenye mdomo wa dalali, maana hapo ndipo faida yake ya leo inapopanda au kuzama. Basi mchoro mmoja ni mdomo uliojaa nusu ukurasa, na mama mdogo chini yake ameshika beseni. Mvuvi naye huenda anafikiria deni la mafuta ya mashine. Samaki wake anaweza kuwa na magamba ya risiti. Mimi ningechukua mdomo. Wa risiti ni mzuri, ila unamtaka msomaji ajue habari ya deni kabla hajaanza kusoma.

Ukishaupata, usiubane. Alexey Brodovitch, aliyesanifu kurasa za jarida la mitindo la Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958, alikuwa akizitandaza kurasa sakafuni azione zinavyofuatana, na hakuogopa kuacha sehemu kubwa nyeupe. Fanya vivyo hivyo sebuleni kwenu. Ukurasa wenye kelele ufuatwe na uliotulia.

Kuna jambo moja ambalo kurasa za Kiingereza hazitakufundisha. Maneno yetu ni marefu. Ukurasa wa A4 ukiugawa safu tatu, kila mstari hubeba herufi thelathini na kidogo; neno kama “hawakuwashirikisha” lina herufi 18, limekula nusu ya mstari. Ukinyoosha kingo zote mbili, katikati panabaki mapengo kama meno yaliyong'oka. Tumia safu mbili, nyoosha upande wa kushoto tu. Na zima ukataji wa maneno wa Kiingereza kwenye programu, kwa sababu utakukatia “ng'ombe” pasipokatika. Kwetu neno hukatwa baada ya irabu.

Mengine ni ya kiwanda cha uchapaji: nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu, na mdomo wa dalali usiangukie kwenye mpindo wa katikati. Mchoro ukiutuma kwa WhatsApp, utume kama faili. Ukiutuma kama picha unapunguzwa ubora.

Kabla hujagusa rangi, mpelekee mhariri vichoro vitatu vya ukubwa wa kiberiti, na chini ya kila kimoja andika sentensi ya makala iliyokizaa. Kichoro kisicho na sentensi kiache nyumbani.