Hekaya za kale si uongo

Hapana ndugu yangu, kusema hekaya za kale ni uongo tu wa watu wasiojua sayansi unazionea kabisa. Chukua Waklamath, wenyeji wa asili wa Oregon kule Marekani, wana hadithi ya roho wawili, Llao wa chini ya ardhi na Skell wa juu, walivyopigana mpaka mlima ukaporomoka, na wanajiolojia nao wanasema mlima huo, Mazama, kweli ulilipuka ukabomokea ndani kama miaka 7,700 iliyopita, shimo lake ndo hilo ziwa Crater Lake, yaani kumbukumbu imepita mdomo kwa mdomo vizazi na vizazi! Afu hadithi inakwambia pia watu waliogopa vipi na tukio lilikuwa na maana gani kwao, hayo kwenye mawe huyapati hata upime vipi.