Kwa nini nilichanja 2021 wakati chanjo ya corona ilikuwa hiari

Mkuu, umeuliza sisi tuliochanja corona 2021 tulisukumwa na nini wakati serikali yenyewe ilisema ni hiari, ukaongeza kwamba waliogoma wapo hai mpaka leo. Nitakujibu kwa niliyoyaona Marangu, Kilimanjaro, maana ndiko nilikokuwa wimbi la tatu lilipotupiga.

Takwimu hatukuwa nazo. Za mwisho kutangazwa kabla serikali haijanyamaza zilikuwa za 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Kwa hiyo ugonjwa tuliusoma misibani. Mchaga akifia Dar anarudishwa kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na ndugu wanakuja naye kwenye basi moja, wanalala chumba kimoja, wanaimba usiku kucha. Julai ile ulikuwa unatoka kwenye maziko ya huyu unaulizia ya yule ni lini. Ukiuliza kilichomuua, unaambiwa "changamoto ya kupumua", basi. Delta, kirusi cha corona cha aina mpya kilichogunduliwa India mwishoni mwa 2020, kilikuwa kinaambukiza karibu mara mbili ya kile cha mwanzo, na sisi tulikuwa tunakikusanyia watu wenyewe. Nyungu tulijifukiza, hata mimi. Inafungua pua. Mapafu yakishajaa haisaidii kitu.

Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Chanjo iliyokuja ilikuwa Janssen, sindano moja, na kwangu ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Mimi ni mwanamke, nilikuwa sijafika miaka 50, na habari za damu kuganda hazikuwa uzushi wa WhatsApp: Aprili Marekani waliisimamisha kwa siku kumi wakaichunguza. Kwa wanawake wa miaka 18 hadi 49 walikuta visa kama 7 katika kila milioni moja waliochanjwa. Niliilaza namba hiyo pembeni ya maziko ya Julai, nikamfikiria na mama, ana sukari na tunaishi nyumba moja.

Muuguzi hakunibembeleza. Alinipa fomu ya ridhaa, akasema kwa wiki tatu nikiona kichwa kinauma kupita kawaida, tumbo linauma sana, mguu umevimba au pumzi inabana, niwahi hospitali. Kuambiwa ukweli wote namna ile ndiko kulikonifanya nisaini. Usiku nikapata homa, asubuhi mkono ulikuwa mzito, ikaisha.

Kaka yangu aligoma. Alikuwa anamfuatilia Askofu Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, aliyekuwa akihubiri dhidi ya chanjo. Sikugombana naye. Ila yeye ni dereva wa masafa, akitoka Dar analala kwetu, kwa hiyo tulimwekea sharti: akija anakaa barazani, barakoa usoni, na kwa mama haingii. Alinuna, lakini alilishika. Hiari yake ilikuwa juu ya mwili wake, pumzi za mama hazikuwemo.

Na hilo la "wapo hai", mkuu, unawahesabu walio na uwezo wa kukujibu. Wengine tuliwazika. Waliochanja nao wapo waliougua, sikufichi. Janssen kwenye majaribio ilipunguza ugonjwa mkali kwa takriban asilimia 85, haikuufuta. Mama alielezwa hivyohivyo, kwa lugha anayoielewa, akauliza maswali yake kuhusu sukari, akasaini kabla yangu.