Usijifunze neno la Kiingereza bila sentensi yake

Wengi wanaoanza kujenga msamiati wa Kiingereza huchora mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto neno la Kiingereza, kulia tafsiri ya Kiswahili. Orodha hurefuka haraka na moyo hupata nguvu. Shida huja siku ya kuandika barua ya kuomba kazi au kujibu maswali ya usaili. Neno unalijua, ila hujui uliweke wapi wala lifuatwe na nini. Nimefundisha watu wazima kwa muda mrefu, na somo la kwanza ninalowapa ni hili: maana ya neno ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili imo kwenye ile mifano iliyo chini ya maana, ambayo wengi huiruka.

Chukua lend na borrow. Kwenye daftari la safu mbili, yote mawili yataandikiwa "azima", maana sisi huazima kitu kwa mtu na pia humwazima mtu kitu. Sasa tazama mifano: "Can you lend me your pen?" na "I borrowed this book from the library." Hapo unaona wazi kitu kinatoka wapi na kinakwenda kwa nani. Lend hufuatwa na anayepewa. Borrow hufuatwa na kitu chenyewe, halafu from, halafu mwenye nacho. Ukizishika sentensi hizo mbili kwa moyo, kosa hilo linakwisha.

Suggest nalo huwasumbua hata waliosoma miaka mingi. Kwa kuwa tunasema "alinishauri niondoke", mkono unaandika wenyewe "He suggested me to leave", na hiyo si sahihi. Kamusi nzuri itakuonyesha "She suggested that we leave early" au "She suggested leaving early." Tafsiri ya Kiswahili, hata iwe sahihi kiasi gani, haiwezi kukuonya juu ya jambo hilo.

Kamusi yenyewe uichague vizuri. Usianze na zile zilizoandikwa kwa ajili ya wenye lugha yao, kwa sababu utatafuta neno moja ujikute unatafuta mengine matatu yaliyotumika kulieleza. Zipo zilizotungwa kwa ajili ya wanafunzi. Ile ya Longman iliyotoka mwaka 1978 ilieleza maana kwa kutumia maneno ya kawaida yapatayo 2,000. Ile ya COBUILD ya mwaka 1987 iliandika maana kwa sentensi kamili, na mifano yake ilitolewa kwenye maandishi na mazungumzo halisi ya watu. Siku hizi kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman zinasomeka bure kwenye intaneti, tena unabonyeza na kusikia matamshi.

Ukifungua, soma pia alama ndogo zilizo kando ya neno. Herufi U kwenye nomino inakuambia kwamba haihesabiki. Ndiyo maana hatuandiki advices, informations wala furnitures. Ushauri mmoja ni a piece of advice. Kuna pia alama zinazosema kama neno ni la kiofisi, la mazungumzo ya kawaida, au ni tusi. Hiyo ya mwisho usiipuuze hata kidogo.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, yaani kutunga sentensi yako. Tuseme umekutana na reluctant, na kamusi inasema ni mtu asiye tayari kufanya jambo, anayesitasita. Mwanafunzi ataandika "He was reluctant" na kufunga daftari. Sentensi hiyo haina kazi. Ondoa reluctant, weka happy, tired au tall, nayo itasimama vilevile, maana yake haijabeba chochote cha neno hilo. Andika badala yake: "He was reluctant to sign the paper because he had not read it." Hapa kuna to na kitenzi baada yake, na kuna sababu inayoeleza kusita kwake. Ukiweka happy, msomaji atashtuka. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi: badilisha neno, na kama sentensi haijaumia, tunga nyingine. Itakuchukua dakika chache zaidi, na ninakuhakikishia ni dakika zenye faida kuliko kunakili orodha nzima. Itungie mambo ya maisha yako mwenyewe, ya kazi yako, ya watu unaowafahamu. Hizo hazitoki kichwani upesi.

Maneno uyatoe wapi? Kwenye unachosoma na kusikiliza, si kwenye kurasa za herufi A za kamusi. Neno likikutokea mara ya pili au ya tatu, hilo liandike. Na ukilikuta lina maana nane, chukua ile iliyolingana na sentensi uliyokuwa unasoma, nyingine ziache. Issue kwenye kikao ni suala au tatizo. Issue ya gazeti ni toleo. Utaifikia hiyo ya pili siku yake.

Kuhusu kurudia, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, na baadaye kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu au nne, kisha baada ya wiki mbili. Usirudie kwa kusoma tu kwa macho. Upande mmoja wa kadi andika sentensi yako ikiwa na pengo, "He was ______ to sign the paper because he had not read it", na upande wa pili neno lenyewe. Soma kwa sauti, jaza pengo, ndipo ugeuze. Ukilikosa, kadi irudi kwenye fungu la kesho; ukilipata mara tatu mfululizo, itoe kwenye fungu, ulitumie neno hilo kwenye ujumbe au barua utakayoandika wiki hiyohiyo.